Mlango wa Ndani

Nilikuwa katika eda, mwezi wa tatu tangu tumzike mume wangu Athmani, sitoki ila kwa dharura. Lakini ghorofani kwangu pana mlango wa ndani, waliouweka wazee wetu ili wanawake wapitiane bila kushuka njiani. Upande wa pili akaa dada yangu Mwanakuu na bintiye Rumana, mfanyakazi wa maabara ya seli za moyo.

Rumana aliwahi kunionyesha kwenye simu vipande viwili vya moyo ndani ya kisahani, vyembamba kama utando wa maziwa, vikipiga pamoja. Akasema baina ya seli na seli kuna vijilango, na mapigo hupitia humo. Tena ziko protini ziitwazo kinasi: hubandika chembe ya fosfeti, na kwa baadhi kijilango hufunguka, kwa nyingine hufungika. Nilimuuliza kwa nini mwili ujifungie jirani.

"Seli ikiumia, mama mdogo, hufungiwa isiidhuru ya pili. Ila fosfeti isipobanduliwa, kila moja hupiga peke yake."

Alipokwenda Kisumu kikazi, Mwanakuu alishikwa na homa na kikohozi. Akautia mlango komeo kwa upande wake asiniambukize. Tukaagana kwamba kila baada ya swala nitagonga mara tatu, naye atajibu mara tatu.

Siku mbili alijibu. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, jibu lilikuja pamoja na kugonga kwangu, si baada yake. Nikamtania kupitia ubao kwamba ana haraka kama bibi harusi. Hakunirudishia, naye si mtu wa kunyamazia utani. Simu yake iliita tu. Nikajituliza: maadamu agonga, yu hai.

Alasiri niliinua mkono, na kabla sijaugusa ubao, kukagongwa. Mara tatu, kisha nne, kisha hakukukoma. Nikaweka kiganja kifuani. Yalikuwa mapigo yangu. Nilipoketi yalipungua, niliposimama yakazidi. Nikasoma Ayatul Kursi, na kadiri nilivyotulia, mlango nao ukatulia.

Nikampigia Abdulbasit, seremala wa Bondeni. Alilikata komeo kwa msumeno kupitia upenyo, mimi nyuma ya pazia, kisha akashuka.

Mwanakuu alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mbali na mlango. Ameanguka tangu alfajiri, midomo imekauka, kidole hawezi kukiinua. Nikamtia maji kinywani.

"Nilikusikia wagonga," akasema. "Sikuweza kujibu."

Rumana aliporudi kesho yake, daktari alikuwa ameshamtundikia mamake maji. Rumana akatushika mishipa ya mikono, huku mimi, huku mamake, akihesabu mapigo. Kisha akaniambia nishuke ngazi nipande tena, upesi. Niliporudi nahema, Mwanakuu, aliyelala tu kitandani, alikuwa anahema.

Rumana hakutaja kinasi. Alimwita Abdulbasit aung'oe mlango wote, auchukue, pabaki wazi.

Nami tangu siku ile napanda ngazi polepole.