Oili Mpya ya Bwana Aristides

Jumatatu saa mbili asubuhi, mwaka wa themanini na tatu, fundi Uwesu alikuwa amepiga magoti kibandani kwake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akikata gasketi ya kuzibia injini. Alilaza kipande cha boksi la sabuni juu ya mdomo wa injini, akagongagonga kingoni kwa nyundo ndogo mpaka boksi likakatika lenyewe kwa umbo la injini. Gasketi za dukani hazikuwapo. Sabuni nayo haikuwapo, ila maboksi yake yalikuwa tele, na hakuna aliyeuliza sababu.

Pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, kongwe kuliko Uhuru, mali ya shirika moja la umma kule Posta. Ilivuja sehemu tano. Ikilala, oili ilishuka polepole kutoka kwenye tangi lake hadi tumboni mwa injini. Asubuhi asiyejua aliona tangi tupu, akadhani imenywewa, akaongeza nyingine. Injini ikavimbiwa, ikatapika moshi wa buluu kutoka Msimbazi hadi Upanga.

Safari, tarishi aliyeiendesha, alileta barua. Bwana Aristides, mkuu wa stoo, aliandika kwamba kila wiki stoo hutoa galoni nzima ya oili kwa pikipiki hiyo, na kila wiki inakwisha. Ama iache kunywa kufikia Ijumaa, ama jina la fundi liende kwenye kamati inayosaka wahujumu uchumi. Mwaka ule, heri mtu apotelewe na kiatu kuliko jina.

"Galoni?" Uwesu aliuliza. Yeye kila wiki alipokea oili ya kujaa chupa moja ya soda, tena haijajaa.

"Mzee Uwesu, mimi tarishi tu," Safari alisema, akitazama matairi. "Nabeba nilichopewa."

Watoto Uwesu alikuwa nao wanne, shahidi hakuwa naye hata mmoja. Akafanya anachokijua. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaipaka unga wa chaki, akamwambia Safari aende nayo mpaka Msimbazi na kurudi. Palipolowana ndipo panapovuja. Chaki haina upendeleo. Akabadilisha gasketi, akazibua tundu la injini kupumulia, akatia ringi za lori alizozipunguza kwa tupa. Akamwonya Safari kwamba oili haipimwi injini ikiwa imelala. Iwashwe kwanza, inawe uso, ndipo iulizwe. Jumatano chaki ilirudi nyeupe kama kanzu ya Idi.

Alhamisi, Bwana Aristides akaanza kuvuja.

Ilianzia kiwiko cha kushoto, akiwa anatia saini. Winifrida, mpiga chapa wake, alidhani ni jasho mpaka alipoona halikauki; akamwekea kopo la maziwa chini ya mkono, akaendelea kuchapa. Wakuu wa idara walisogeza viti kidogo, mkutano ukaendelea. Daktari alichovya kidole, akasugua, akaandika kwamba mgonjwa ana oili namba arobaini, safi, na kwamba hospitali haina gasketi. Aonane na fundi.

Ijumaa akafika Kariakoo, Kaunda suti imemganda mgongoni.

"Fundi, nasikia unaziba."

"Inategemea kinachovuja, mzee."

"Mimi."

"Vua shati."

Uwesu alimfuta kwa mafuta ya taa, akampaka chaki tangu utosini, akamtuma atembee mpaka Msimbazi na kurudi. Njiani vijana walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, mweupe pepe. Aliporudi alikuwa amelowa viwiko vyote viwili, nyuma ya masikio, na goti la kulia. Uwesu alipangusa tone, akaliinua juani. Lilikuwa na rangi ya asali.

"Oili hii haijawahi kuonja injini," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na watu. "Imetoka kwenye kopo ikaingia kwako."

Watu walisikia. Walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Mwaka ule ukiona foleni ulijiunga kwanza, ukauliza baadaye. Dereva wa teksi alikinga chupa kwenye kiwiko. Shaibu wa cherehani aliridhika na sikio. Sasa kila mmoja alijua oili ya pikipiki ilikuwa ikiishia wapi, na kila mmoja aliondoka na chupa yake.

Aristides aliinamisha kichwa. "Nizibe, fundi. Nikirudi ofisini hivi, wataona hata wasiotaka kuona. Nizibe, nami barua nitaichana."

Kumwacha avuje kungetosha. Kila tone lilikuwa shahidi. Lakini mashahidi walikuwa wakibebwa kwenye chupa, na Uwesu hakuwahi kumrudishia mtu kitu kikiwa bado kinavuja. Akakata gasketi tano. Kufikia adhuhuri Aristides alikuwa mkavu. Alikunja mikono, akaikunjua, akatabasamu.

"Una mikono, fundi. Laiti ningejua mapema. Barua ya kamati niliituma jana, kabla ya kiwiko."

"Si umesema utaichana?"

"Nakala yangu nitaichana."

Jumatatu stoo ilitoa galoni nyingine ya oili kwa pikipiki isiyovuja tena. Jumanne kamati ikafika Mtaa wa Sikukuu. Walikuta mchanga wa kibandani umelowa oili mpya, ambayo fundi wa uchochoroni hana pa kuipata, wakaandika. Majirani waliulizwa, wakasema kweli: imetoka kwa Bwana Aristides, viwikoni na masikioni. Kiongozi wa kamati akaandika hilo pia, kisha akauliza kama Bwana Aristides bado anavuja.

Hapana, walisema. Ameshazibwa.

"Basi, amebaki fundi," akasema, akafunga daftari.

Gari la kamati lilikuwa limeacha dimbwi jeusi barabarani. Dereva aliuliza kwa adabu kama fundi angeweza kulitazama kidogo, maana walikuwa na majina mengine matatu kabla ya saa sita. Uwesu aliingia chini ya gari. Angeweza kuacha nati moja imelegea. Alizikaza zote, akatoka, akajipangusa mikono, akapanda nyuma.