Siku ya Tamima Mnadani Nizwa

Siku ile mjinga alikuwa Hamed, na mpaka leo akiulizwa hakatai. Karani wa serikali pale mji wa Ibra, Omani, ana miaka hamsini, na alikuwa akisoma Kiingereza jioni ili apandishwe cheo. Mwalimu Lamees aliwaambia kuwa Waingereza hawashindi tu salama kama sisi. Wao wana siku, na kila siku ina namna yake: nzuri, mbaya, ndefu, ya kuchosha. Kazi ya nyumbani: muulize mtu alikuwa na siku ya namna gani, uandike.

"Kumbe wana siku kama watu wana mbuzi," Hamed alisema, na darasa likacheka.

Alhamisi magharibi alimkuta mkewe, Tamima, anamgeuza mkwewe kitandani. Bi Kaltham, mama yake Hamed, mwaka wa sita huo hainuki. Juu ya friji ilikaa barua. Kituo cha akina mama hapo hapo Ibra kilimtaka Tamima akafundishe ushoni kila alasiri, jibu lisipite Jumapili asubuhi. Ilitakiwa Hamed akae na mama yake saa hizo, ambazo yeye hulala.

"Wewe siku yako nyepesi, Mama Asaad," alikuwa amekwisha kumwambia. "Umo ndani, kiyoyozi juu yako. Unakwenda kutafuta nini?"

Sasa akashika kalamu. "Haya, leo ulikuwa na siku ya namna gani?"

Tamima akafuta mikono. "Ngoja nikuletee."

Akatoka uani, akarudi anaikokota siku yake kwa kamba. Haikuenea mlangoni mpaka wakafungua ubao wa pili. Ilikuwa na rangi ya majivu, magoti yamechubuka, inanuka vitunguu na mafuta ya kuchulia. Ikajilaza kwenye zulia. Hamed akaandika: kubwa.

"Na yako iko wapi, mwanangu?" Bi Kaltham akauliza.

Hamed akatazama chini ya kiti. Haikuwepo.

"Kubwa si nzito," akasema. "Tutawauliza wanaojua."

Ijumaa alfajiri akaipakia kwenye pikapu hadi Nizwa, kwenye mnada wa mbuzi, pale wauzaji wanapozunguka na mifugo yao na wanunuzi wanaibinyabinya ikipita. Hamed akazunguka nayo. Hakuna aliyeuliza ni mnyama gani; waliuliza umri. Alipofika mbele ya Khalaf, dalali mkongwe, mzee akaifungua mdomo, akatazama meno, kisha akapitisha kiganja mgongoni. Kiganja kikasimama.

"Hii inabebeshwa nyingine," akasema. "Gusa hapa, manyoya yamekwisha. Kuna siku ndogo inapanda juu yake kila leo, miaka na miaka. Ya nani hiyo?"

"Sijui," Hamed akasema.

Khalaf akaitazama dishdasha ya Hamed, kanzu nyeupe, imenyooka kwa pasi mpaka mikononi. "Basi irudishe kwao," akasema, akamwita mwenye mbuzi anayefuata.

Akairudisha. Wakaifunga chini ya mndimu, na jirani akaleta majani. Kufika Jumamosi, watu waliokuja kumjulia hali Bi Kaltham walikuwa wanaipita wakisalimu tu.

Jumamosi hiyo magharibi, Tamima alikuwa anakunja nguo. Barua iko palepale.

"Ni kesho asubuhi, Baba Asaad," akasema. "Niwaambie nini?"

"Waambie mwakani, inshallah. Mwaka huu nina mtihani." Hamed akavuta kiti karibu, sauti ameilainisha. "Lakini wallahi uzito nimeuona, sikatai. Hata dalali kasema. Kesho nikitoka kazini nakununulia kamba mpya, ile laini, isikuumize mikono."

Tamima akamaliza kukunja dishdasha, akaiweka juu ya zile nyengine.

"Ya nini kamba? Hiyo haina pa kwenda. Mwenye pa kwenda ni mimi, na mimi nimekwisha kufungwa."