Mkono wa Tatu

Kila Mzee Tarsisi alipoinua brashi, bega lilimlilia kama bawaba isiyoonja mafuta. Alishavua dagaa Lituhi, akapasua mbao Ngumbo, akapaka rangi nyumba za watu hadi Tunduru, na hakuna alipomaliza misimu mitatu. Sasa magoti yamegoma.

Ndiyo maana alipopanda Mbinga na begi lake moja, na binti yake Bonifasia akamwambia, "Baba, tupakie rangi kile chumba cha magunia ya kahawa, kuna mgeni anakuja," hakuuliza mgeni gani. Nyumbani kwake mwenyewe ndilo lilikuwa jina lake. "Mgeni kafika," marehemu mkewe alikuwa akisema, huku akiongeza maji kwenye sufuria.

Tumbo la binti aliliona, la miezi minane. Lakini kichanga hulala ubavuni pa mama yake. Nani amewahi kukipa chumba?

Basi akapaka kama anayejipakia. Alisugua harufu ya kahawa, akaziba nyufa, akatia nyeupe tone la buluu mpaka ikafanana na ziwa la alfajiri. Siku ya pili akagongomea msumari nyuma ya mlango, usawa wa kiuno kwa kuwa bega halikutaka kwenda juu, akatundika begi. Akakaa kwenye ndoo kulitazama. Hakukumbuka lini aliwahi kuwa na msumari wake.

Bonifasia akaingia, mkono kiunoni.

"Pole na kazi, baba. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, wewe nimekupa brashi siku ya kwanza."

"Nimeshapoa."

"Ila huo msumari utoe. Akianza kukimbia utamchoma jicho."

"Nani?"

Akashusha sauti, kama kuna anayesikiliza ukutani. "Mgeni, baba. Huyu hapa tumboni. Mkweo Leopold ameona kwenye simu watoto wa siku hizi wana chumba chao. Nikamwambia sawa, lakini hatumtaji, na hatununui hata soksi mpaka afike. Yule wa mwaka juzi tulimnunulia mpaka beseni, naye hakufika."

Ndilo beseni mzee alilofulia nguo jana.

Akachukua nyundo. Msumari ukang'ang'ania, kisha ukatoka na kipande cha plasta. Akaziba tundu kwa kidole, taratibu, akaliweka begi sakafuni.

"Kwani ulidhani mgeni nani?"

"Watu wengi wanapita Mbinga."

Bonifasia akatazama begi, akatazama lile tundu bichi.

"Unaondoka lini?"

"Rangi ikikauka. Huu niliopaka ni mkono wa pili." Akafuta brashi kwenye suruali. "Ila ukuta uliokaa na kahawa unakunywa sana. Unataka mkono wa tatu."

Ukuta ulikuwa umeshiba, hata asiye fundi angeona. Bonifasia akapitisha kiganja karibu nao, asiuguse.

"Na wa nne je?"

"Inategemea na baridi. Kwenye baridi rangi haikauki upesi."

"Huku baridi haiishi, baba."

Akainama kwa taabu, akalichukua begi kabla mzee hajamzuia, akaenda nalo sebuleni. Kule akaishusha kalenda ya parokia, akaiegemeza mezani, akalitundika begi kwenye msumari wake.