Nane Nini?

Wazazi walimwita Mwalimu Vizibo, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Kila mwanzo wa mwaka alipita duka hadi duka akiomba vizibo vya soda, akavichemsha, akavigonga kingo visije vikakata vidole, kisha akavimwaga katikati ya darasa lake la chekechea. Penseli baadaye, alisema. Mtoto akijue kitu kwanza, ndipo akiandike. Wazazi waliokuja kutafuta madaftari yaliyojaa walikuta sakafu iliyojaa, wakaondoka wakiguna.

Darasa lile lilikuwa na sheria moja. Mwalimu akisema "nane" akanyamaza, watoto walitakiwa kumpigia kelele: "Nane nini?" Hapo ndipo aliposema vizibo, au viatu, au miguu ya viti, nao wakatawanyika kutafuta. Namba tupu kwake ilikuwa sahani isiyo na chakula, na sahani haijamshibisha mtu.

Aliyetangulia kupiga kelele siku zote alikuwa mjukuu wake mwenyewe, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Saba yake iligeuka nyuma mbele na tatu yake ililala chali. Lakini ukimwambia awagawie wenzake vizibo sawasawa, aligawa, na kimoja kikibaki alikirudisha koponi bila kuambiwa. Bibi akimtazama, moyo ulimjaa furaha.

Binti yake, mama wa Chiriku, alijaa wasiwasi tu. Alikuwa ameitamani shule ya msingi ya mtaa wa pili, ile yenye geti lililopakwa rangi na mtihani wa kuingilia.

"Mama, pale wanataka mtoto aandike namba. Vizibo hawavijui."

"Ataandika. Mkono hufuata kichwa."

"Na ukichelewa kufuata?"

Mwalimu alicheka. Amewafundisha wangapi, leo aogope mtihani wa watoto wenye mapengo!

Siku ya mtihani wazazi waliachwa nje, wakabanana dirishani. Msimamizi, kijana mwenye tai iliyomkaba, alipita kati ya madawati akitaja namba kwa sauti.

"Andikeni nane."

Vichwa vikainama vyote, isipokuwa kimoja.

"Nane nini?" Chiriku aliuliza, akitabasamu, akingoja aambiwe akatafute.

"Nane nini tena? Nane!"

"Ndiyo. Nane nini?"

Pale dirishani Mwalimu Vizibo alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba kwa kitambo kile kifupi alifurahi, hata akataka kumgusa jirani amwambie yule ni wangu. Kisha akaona mtoto akinyang'anywa penseli, akiletwa mlangoni ameshikwa bega, bado anageuza shingo kumwangalia msimamizi, bado anangoja jibu.

"Huyu ana mdomo," msimamizi alimwambia mama mtu. "Na nane haijui."

Nyumbani binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Watoto wa watu umewachezea miaka yote, Mama, sikusema kitu. Na wangu pia?"

Ukubwa jalala, Mwalimu alimeza. Chiriku aliondolewa chekechea, akapelekwa tuisheni kwa bwana mmoja aliyefundisha na rula mkononi. Habari hazina miguu lakini zilimfikia mwalimu mkuu, naye, kwa upole wa mtu anayeogopa wazazi, akaagiza vizibo vitolewe darasani. Mwalimu Vizibo alivibeba mwenyewe hadi pipa la taka. Jina lilimbakia.

Mtihani uliporudiwa, Chiriku alifaulu vizuri sana. Baba yake akanunua keki, na bibi akaalikwa. Walipokaa mezani, bibi aliona hakuna vikombe, akasahau yaliyopita.

"Chiriku wangu, hebu tuletee vikombe. Tunahitaji vingapi hapa?"

Zamani angeizunguka meza akimgusa kila mtu bega, halafu angekimbilia jikoni, na asingesahau kikombe cha mwanasesere wake. Sasa alisikia neno "vingapi" akasimama wima, mikono nyuma, macho ukutani.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano..."

Hakuna aliyemwambia aishie wapi, kwa hiyo hakuishia. Mama yake aliitikia kwa kichwa kila namba kama anayemsukuma mtu mlimani. Ilipofika hamsini baba alipiga makofi. Vikombe vilikuwa bado kabatini.

Bibi alimvuta karibu, akamuuliza taratibu, karibu kwa kumbembeleza, "Hamsini nini, mjukuu wangu?"

Tabasamu la mtoto lilikatika. Alimtupia mama yake jicho, kisha akapanda gotini kwa bibi na kumwekea mdomo sikioni.

"Bibi, usiulize hivyo," alinong'ona. "Watakutoa nje."