Chupa ya Maganda ya Vitunguu

Mwaka wa saba huu Maeng Se-yeon bado ni mwanafunzi, na mama yake kule kwao mashambani Muan alishachoka kuwaambia majirani kwamba bado kidogo tu. Kilichobaki ni sahihi ya Profesa Tak kwenye tasnifu yake ya udaktari, na sahihi ilikwama kwa panya. Panya wenye kisukari walinyweshwa maji ya maganda ya vitunguu wiki kumi na mbili, yamejaa flavonoidi, kemikali za mimea ambazo Profesa aliapa zinashusha sukari. Haikushuka hata chembe.

"Hao umewapa dawa au umewapa chai?" Profesa alimuuliza mbele ya wenzake. Sahihi akaikataa.

Wiki hiyohiyo ikafika siku ya kuwaombea wanyama wa maabara waliokufa kwenye majaribio, kama kila mwaka. Nyuma ya jengo, mbele ya jiwe lao la kumbukumbu, walipanga matunda, chakula cha panya na sahani ya keki za mchele zenye asali. Kila mtu huinama akasema lake, na hapo hata waongo hodari huona haya.

Se-yeon aliinama. "Nisameheni. Nilidhani nawatibu. Labda mikono yangu ndiyo mibovu." Akalia kweli.

Profesa Tak alikohoa. Akainama kuliko wote, akakaa huko chini mpaka watu wakadhani kiuno kimemshika.

"Dawa yenu niliinywa mimi," aliliambia jiwe. "Daktari alinigombeza kwa sukari. Chupa ilikuwa kwenye friji. Kila nikinywa, najazia chai ya shayiri. Rangi ni ileile."

Mtu mmoja nyuma alichekea puani.

"Kwa hiyo walikunywa chai," Se-yeon alisema.

"Wiki zote."

"Na sukari yako, Profesa?"

Profesa alitazama viatu vyake. "Imepanda. Nilijua nina dawa, basi keki sikuziacha."

Se-yeon alifuta machozi. Hasira ilimjaa, na kicheko kilimjaa vilevile. "Tunarudia. Panya wapya utawanywesha wewe, hata Jumapili. Mimi naandika, na ufunguo wa friji nakaa nao."

"Sawa," alisema Profesa, kwa upole ambao maabara haikuuzoea.

Ibada ilipokwisha, watu walianza kugawana sadaka kama desturi. Profesa alinyoosha mkono. Se-yeon aliivuta sahani ya keki, akairudisha mbele ya jiwe.

"Hizi waachie wenyewe," alisema. "Wao hawapimwi sukari tena."