Mkwe Mezani

Jumamosi ya pili ya Juni 1956, saa nne asubuhi, lori la mfanyabiashara Makame lilisimama mbele ya duka lake mjini Ifakara, na Yosefina akashuka akiwa na kuku wawili, mkeka na pakacha la mchele mpya. Nyumba yake ya Kisawasawa ilikuwa imeanguka katika masika. Ukuta mmoja ulitangulia, nyingine zikaufuata wakati yeye akihamisha vyungu. Alikuwa mjane, na mtoto aliyebaki naye duniani alikuwa mmoja tu, Emerensiana, aliyeolewa na karani.

Mambo yalikuwa yamepangwa kwa salamu zilizochukuliwa na dereva wa lori hilo. Mama alisema atakuja kuishi kwa mwanawe iwapo atapewa kibanda chenye mlango wake na jiko lake. Binti alijibu kwamba atapata kilicho bora kuliko hicho. Mama alidhani jibu hilo maana yake ni ndiyo.

Kilicho bora kilikuwa chumba ndani ya nyumba ya binti, chenye kitanda cha chuma na pazia dirishani. Mlango wake ulitazamana na mlango wa chumba cha mkwe wake.

"Kibanda kiko wapi?" Yosefina aliuliza.

"Mama, kibanda ni cha kuku. Wewe utalala hapa kama mtu."

"Na wanaolala vibandani kule Kisawasawa ni nini?"

"Ni watu ambao hawajapata elimu."

"Ulizaliwa kibandani, mwalimu."

Emerensiana hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mwenyekiti wa kilabu cha wanawake. Mwaka uliotangulia alikwenda Morogoro kujifunza mambo ya nyumbani, akarudi na cheti, kitambaa cha meza, na imani kwamba maendeleo ya bonde la Kilombero yanazuiwa na watu kula chini. Kila Alhamisi aliwafundisha wenzake kwamba familia iliyostaarabika hula pamoja, meza moja, wakati mmoja. Wenzake walisikiliza, wakashona vitambaa vya meza, kisha wakarudi kwao kula jikoni. Meza ilikuwa moja tu katika kilabu kizima, nayo ilikuwa ya mwenyekiti.

Kulikuwa na kikwazo. Kwa watu wa bondeni, mtu na mama mkwe wake hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja humpisha mwenzake. Kuonana wakitafuna ni aibu isiyohitaji maelezo, kama vile mtu haelezwi kwa nini asivue nguo sokoni. Emerensiana aliijua mila hiyo tangu utoto. Mwezi wa Machi kilabu kiliipigia kura, ikafutwa bila mpinzani. Hakuna aliyewaarifu wakwe.

Fridolin, mumewe, alikubaliana naye kwa kila neno. "Hizo ni mila za kale," alisema siku ile ya kwanza, akiwa amesimama nyuma ya migomba kwa sababu mama mkwe alikuwa uani. Kisha akaongeza, "Emerensiana, mwambie mama shikamoo."

"Yupo hapo. Mwambie mwenyewe."

"Mwambie marahaba," alisema Yosefina, kanga ikiwa kichwani na uso ukutani. "Mwulize kazi zinaendeleaje."

"Mwambie zinakwenda vizuri. Mwambie pole kwa nyumba."

"Mimi si tarishi wenu," alisema Emerensiana.

"Mwambie nimeshapoa," alisema mama yake.

Yaliyotokea mezani wiki ile majirani waliyaona, maana madirisha yalikuwa wazi, kama kilabu kinavyofundisha. Mchana Fridolin alizidiwa na kazi ofisini. Jioni alikuwa na rafiki mgonjwa wa kumtazama, na rafiki huyo alikuwa akipika vizuri. Yosefina alishikwa na tumbo kila chakula kilipoiva, akapona kila vyombo vilipooshwa. Emerensiana alikula peke yake kwenye meza ya watu wanne, kwa uma.

"Familia yako imetulia, mwenyekiti," Apolonia, jirani yake, alimwambia kupitia dirishani akiwa na ndoo ya maji kichwani. "Haigombei hata nyama."

Jumapili iliyofuata alitazamiwa mgeni, bibi mmoja Mwingereza aliyezunguka kukagua vilabu vya wanawake. Alitaka kuona nyumba ya mfano, na familia nzima ikila. Jumamosi alasiri Emerensiana alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, kesho utakaa mezani."

"Tumbo langu..."

"Tumbo lako nalijua. Ukikataa, mgeni atasema mwenyekiti hawezi kuongoza hata nyumba yake."

"Nikikaa, nitapata kibanda?"

"Ukikaa, tutazungumza habari ya kibanda."

"Hilo nilikufundisha mimi," alisema Yosefina. "Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuambia, maliza mboga kwanza, halafu tutazungumza habari ya nyama. Nyama haikuwapo."

"Nilijua haikuwapo."

"Lakini mboga ulimaliza."

"Basi na wewe kaa mezani."

Mgeni alifika baada ya Misa. Mezani kulikuwa na wali, kambale wa kukaanga na mchicha. Walikaa wanne, wakaomba, wakapakuliwa. Hapo Yosefina alisimama na sahani yake, akageuza kiti kikatazama ukuta, akakaa, akavuta kanga mbele, akaanza kula. Aliahidi kukaa mezani, naye alikuwa amekaa. Upande wa pili Fridolin aligeuza chake kikatazama mlango. Emerensiana na mgeni wakabaki wakitazamana juu ya bakuli la wali, na mgongo mmoja kila upande.

Mgeni alitafuna, akautazama mgongo wa kwanza, kisha wa pili.

"Hawa wamegombana?" aliuliza.

"Hapana, memsahibu. Ni heshima."

Neno hilo lilimtoka Emerensiana kabla hajapata lingine. Kilabuni alikuwa akiita jambo hilo ujinga.

"Heshima gani?"

"Yule ni mama mkwe wake. Hawatazamani wakila."

Mgeni aliweka uma chini. "Tukiwa likizo kwetu, mume wangu hula meza moja na mama yangu. Hushika gazeti hivi," akainua mikono mbele ya uso wake, "tangu supu mpaka chai. Kugeuza kiti hatujawahi kufikiria."

"Mwulize mgeni," Yosefina aliuambia ukuta, "huyo mama yake anakaa nyumba gani."

"Ana nyumba yake," alisema mgeni. "Mji wa jirani. Angekaa kwetu, mume wangu angehamia ofisini."

Fridolin alikohoa. Alikuwa amekwamwa na mwiba wa samaki, au hakuwa amekwamwa.

Mgeni alipoondoka alisema hajawahi kukagua nyumba yenye utulivu kama ile, na kwamba angependa Emerensiana akavifundishe na vilabu vya Mkula na Idete. Alhamisi Apolonia alinyoosha mkono kilabuni, akauliza viti vigeuzwe kabla ya sala au baada yake. Wanawake walicheka kwa muda mrefu. Mwenyekiti aliwaacha wamalize, kisha akasema baada ya sala. Mila ikapigiwa kura tena, ikarudishwa bila mpinzani.

Alasiri hiyo Yosefina alikuwa akipepeta mchele uani.

"Sasa tuzungumze habari ya kibanda," alisema.

"Mama, mle ndani kuna kitanda cha chuma."

"Nitahama nacho."

Emerensiana aliokota chuya moja kwenye ungo, akaitupa. "Watasema mwenyekiti amemtoa mama yake nje. Nyumba ya bati, mama kwenye nyasi."

"Hilo ndilo lililokuwa likikuuma siku zote hizi?"

"Ndilo."

"Ungesema. Mimi nilidhani ni uma." Yosefina alirusha mchele, akaudaka. "Waambie si wewe uliyenitoa, ni mimi niliyekutoa wewe. Nitafunga mlango, wataona."

Emerensiana alikwenda kumwambia mumewe kwamba mianzi itahitajika. Mianzi ilikuwa imekwisha kukatwa. Fridolin alikuwa ameilaza nyuma ya choo tangu wiki ya kwanza, pamoja na kamba na mafungu ya nyasi.

Kibanda kilikamilika Julai, baada ya udongo kukauka, nyuma ya migomba. Mlango wake ulitazama upande wa mto, si upande wa nyumba ya karani. Kitanda cha chuma kiliingia kwa shida. Jioni ya kwanza moshi ulitoka juu ya nyasi, na Emerensiana akavuka uwanja, akasukuma mlango kwa mkono.

"Nani huyo?" Yosefina aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama."

"Huku watu hupiga hodi."

Emerensiana aliurudisha mlango. Barazani Fridolin alikuwa akitazama, kisha akageuza uso.

"Hodi," alisema Emerensiana.

"Subiri. Bado nafagia."

Alisubiri. Ufagio ulisikika kwa muda, ukanyamaza.

"Karibu," alisema mama yake. Emerensiana akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani.