Kasi Iko Sawa

Kazini wananiita Kalamu, kwa sababu sijawahi kurudi kutoka kwa mteja bila saini yake. Zamani nilijivunia jina hilo. Siku hizi nikiitwa hivyo najifanya sikusikia.

Kampuni yetu inauza intaneti majumbani, na ina mchezo wake. Watu wakitumiana mafaili makubwa moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta, mitambo yetu inawabana mpaka yanadondoka tone tone. Ukurasa wa kupimia kasi haubanwi. Mteja akilalamika natumwa mimi. Nafungua ukurasa ule mbele yake, mshale unapanda mpaka mwisho, anaona haya kwa kunisumbua, anasaini palipoandikwa "Mteja ameridhika". Akizidi kubisha, tuna jibu la kukariri: tatizo liko upande wa anayetuma.

Jumanne nilitumwa kwa mama mmoja mshonaji. Kompyuta yake ilikaa juu ya meza ya cherehani, katikati ya kola za sare za shule. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani na namba: asilimia thelathini na nane.

"Leo siku ya saba inajikokota hivi, mwanangu," alisema. "Ni maziko ya kijana wangu."

Alinieleza huku akichomeka pini kwenye kola, bila kuniangalia. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma ng'ambo, akaanguka kutoka juu kazini. Wakamzika huko huko. Rafiki yake, waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja, alirekodi maziko yote, saa mbili na ushee, na sasa alikuwa akimtumia mama huyu, kompyuta kwa kompyuta. Ila Ijumaa mchana rafiki huyo alikuwa anahamia machimboni, kusiko na mtandao, na kompyuta ilikuwa ya mwajiri; lazima airudishe.

"Miezi minne watu wananipa pole, naitikia tu," alisema. "Sijamwona akiingia ardhini. Mpaka leo simu ikiita nadhani ni yeye. Nikiona, nitalia yaishe."

Nilipiga hesabu kichwani. Kwa mwendo ule zilihitajika siku kumi na moja, na yeye alikuwa na tatu. Nikafungua ukurasa wangu, mshale ukapanda.

"Kasi iko sawa, mama."

"Sawa wapi, na langu halisogei?" Hakuwa mtu wa kudanganywa na mshale. "Au mnachagua? Mimi nimelipia njia nzima. Nikipitisha nini humo, nyinyi inawahusu nini?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilifungua mdomo, na jibu la kukariri likatoka lenyewe.

"Tatizo liko upande wa anayetuma, mama. Muulize yeye."

Aliweka pini mezani. "Kumbe," alisema, akasaini.

Alhamisi mchana nilimfuata mkuu wa zamu, nikamwomba tumfungulie mama yule mpaka kesho yake. Akacheka.

"Kalamu, huruma umeanza lini? Ukimfungulia mmoja, kesho wamejaa mlangoni."

Alipotoka kwenda kunywa chai nilikaa kwenye kiti chake, nikaondoa kizuizi cha nyumba ile. Ilinichukua dakika moja. Dakika moja tu, na ningeweza kuifanya tangu Jumanne!

Ijumaa asubuhi nilikwenda mwenyewe bila kutumwa, na furaha yangu ya kijinga. Njia ikiwa wazi, kazi ile ilikuwa ya saa tatu tu. Nilitaka kumkuta amemaliza kulia.

Kioo kiliandika asilimia thelathini na tisa. Chini yake: hakuna anayetuma.

"Alizima," mama alisema. "Uliponiambia tatizo liko kwake, nilimpigia jioni ile ile. Nikamuuliza ananificha nini. Mwanangu alikufaje hasa, mpaka hataki nione? Nilimtolea maneno, baba, hata kuyarudia siwezi. Akasema, 'Mama, nilimbeba kwa bega hili, leo mimi ndiye muuaji?' Akakata simu, na usiku ule ule mstari ukasimama. Jana asubuhi akaniletea ujumbe: nimerudisha kompyuta, kwaheri."

Jana asubuhi. Mimi nilikuwa bado sijamwomba mkuu wa zamu.

"Hicho kilichofika hakifunguki hata kidogo?" aliuliza.

Nilijaribu kila njia niliyoijua. Vipande vilikuwa vimekuja shaghalabaghala, mwanzo haukuwemo. Kioo kilibaki cheusi, na ndani yake tulionekana sisi wawili.

"Basi ni kweli alikuwa na la kuficha," alisema taratibu. "Angekuwa hana, angezima? Wewe ndiye uliyenifumbua macho, mwanangu."

Nilimwonea huruma. Lakini niliogopa zaidi ya nilivyomhurumia, na huo ndio ukweli wangu. Neno moja lingemrudishia heshima yule kijana aliyembeba mwanawe. Sikulisema.

Fomu zilikuwa zinachungulia kwenye mkoba wangu, kama siku zote. Aliziona.

"Lete hiyo karatasi nikusainie, usije ukagombezwa bure kazini," alisema. "Wewe huna kosa."

Alianza kupapasa katikati ya kola, akitafuta kitu cha kuandikia. Nikampa kalamu.